Lami uani? Kwanza toka nje mvua ikinyesha

Mdogo wangu wa Kayanga, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Kahawa imelipa, gari limenunuliwa, na shemeji ametangaza mbele ya wageni kwamba Krismasi hii litapanda kutoka barabarani mpaka mlangoni juu ya lami. Fundi naye keshapatikana. Anataka mapipa mawili ya lami, tripu tatu za kokoto na nusu ya hela yake mkononi. Unaniuliza kama bei hiyo ni halali. Bei tuiweke pembeni kwanza, nikuulize mimi: mvua kubwa iliyopita ulikuwa wapi? Ndani, umejifunika, si ndiyo? Basi ijayo vaa gambuti, chukua mwavuli, utoke.

Simama getini uangalie maji yanakotoka. Wengi wetu Karagwe nyumba tumeziweka katikati ya kibanja, mtelemkoni, migomba juu yetu na barabara chini yetu. Maji ya bati yanaanguka uani, yanakutana na ya kibanja, halafu yanatafuta pa kushukia. Yanapita pale pale unapotaka kupiga lami, maana miaka yote gari, pikipiki na ng'ombe wameshayachimbia njia. Bati lenye mita 100 za mraba, ikinyesha milimita 20 tu, linamwaga lita 2,000. Hizo ni ndoo kubwa 100, na zote zinamwagwa sehemu moja. Kwa hiyo hela ya kwanza ni ya gata na simtanki, inayofuata ni ya mfereji wa kukinga maji ya juu yasiguse njia. Ukikosa hivyo viwili, hata wakandarasi wa barabara kuu wakija kwako na mitambo yao, hiyo lami haitakaa.

Tunadhani lami ndiyo inayobeba gari. Hapana. Lami ina kazi kama ya bati: inazuia maji na vumbi. Anayebeba yuko chini. Na hapo ndipo watu wa vibanja tunaponaswa, kwa sababu ule udongo wetu mweusi, ulioshiba samadi na majani makavu, unaotupa mikungu ya kujivunia, ndio mbaya kuliko wote kwa njia ya gari. Ukilowa unabonyea. Lazima uondolewe wote na mizizi yake mpaka ufikie udongo mgumu. Huo unashindiliwa, inamwagwa moramu, inanyunyiziwa maji kidogo na kushindiliwa tena, safu kwa safu, kila safu isizidi sentimita 15. Ukimwaga sentimita 30 kwa mkupuo, juu patakuwa pagumu na chini patabaki godoro. Juu ya moramu ije kokoto. Katikati ya njia painuliwe mgongo kidogo, ushuke sentimita mbili au tatu kwa kila mita kuelekea pembeni, maji yasipate pa kulala. Lami inakuja mwisho kabisa.

Najua ninachosema kwa sababu nililiwa. Miaka imepita, ila nikikumbuka bado najicheka. Fundi alikuja na pipa lake, akawasha moto wa kuni pembeni ya jiko langu, akachemsha, akamwaga kwa ndoo juu ya udongo uliofagiliwa kwa ufagio wa majani, akatupia kokoto ndogo na kupita juu yake na pipa tupu lililojazwa maji. Eti hiyo ndiyo rola. Agosti njia ilikuwa nyeusi inang'aa, majirani wakawa wanapitia kwangu hata wasio na shida. Ulipofika msimu wa senene, Novemba ile mvua ikiwa imekolea, watoto walikuwa wanaibandua vipande kama ukoko wa wali na kwenda kuchezea. Pikipiki ya mgeni ilikuwa imeshazamisha stendi siku moja ya jua kali, ikalala ubavu. Simu ya fundi mpaka leo haipatikani.

Kwa hiyo huyo wako mwulize mambo matatu, tena kwa upole, ukimmiminia chai. Utashindilia kwa mashine gani? Akisema matairi ya gari lako yatashindilia yenyewe taratibu, amalize chai aende. Lami yenyewe ni ya aina gani? Ile ya moto inayochanganywa na kokoto mtamboni hutoka na joto la nyuzi kama 150, na lazima isambazwe na kushindiliwa kabla haijapoa. Haiwezi kusafiri nusu siku nyuma ya Fuso ikafika kwako bado inafaa. Kama hakuna mtambo karibu na hakuna kazi ya barabara inayoendelea jirani, anachokuahidi ni lami ya kumwaga na kutupia kokoto. Hiyo nayo ni lami halali, barabara nyingi zimejengwa hivyo, lakini inataka kipimo, kokoto safi zisizo na vumbi, na msingi wa kweli.

Swali la tatu ndilo zito: pipa limetoka wapi? Mdogo wangu, ukisikia "limebaki kwenye mradi," simama. Mradi una mwenyewe, una stoo na mtunza stoo. Pipa likitoka usiku, siku polisi wakifuata nyayo watafika mlangoni kwako, na njia yako nyeusi ndiyo itakuwa ushahidi. Wala si ujanja wa kwetu peke yetu. Uingereza wazee wanaonywa kila mara kuhusu watu wanaogonga mlango na kusema wamebakiwa na lami kutoka kazi ya jirani, bei ya leo tu.

Na hata ukiipata ya halali, nani ataichemsha? Lami ya moto ikimrukia mtu inaganda mwilini. Ikitokea, poza kwa maji mengi ya kawaida na kimbizeni mtu hospitali, msiibandue kwenye ngozi. Watoto wasiwe nyumbani siku hiyo.

Sasa niseme ninavyofikiri, na shemeji akinuna anune. Kwa njia ya mita 30 ya gari dogo, Karagwe au Kyerwa, mimi siweki lami. Naweka zege, tena si zege la upana wote. Naweka mistari miwili ya matairi, kila mmoja sentimita 60, katikati sentimita 80 au 90 za nyasi. Pima kwanza gari lako. Zimbabwe, ikiitwa bado Rhodesia Kusini, ilijenga barabara za mistari miwili ya lami miaka ya 1930 kwa sababu hela haikutosha. Na hapa hapa Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2010, mistari ya zege ilijaribiwa kwenye barabara za vijijini Bagamoyo na Siha, na Siha kuna miteremko kama yetu.

Hesabu yake ni hii. Mistari miwili ya mita 30, unene sentimita 10, ni zege mita za ujazo 3.6. Kwa mchanganyo wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, ni mifuko 23 au 24 ya saruji. Ukimwaga upana wote wa mita tatu unakaribia mifuko 60. Kama Fuso ya kahawa au ya ndizi itaingia, nenda sentimita 15. Kata viungo kila baada ya mita tatu hivi, zege lipasuke unapotaka wewe. Kokoto zichague: zile za mawe ya matabaka matabaka, unazozivunja kwa vidole, ziache kwa muuzaji. Likishakauka juu, lifunike majani ya migomba na ulimwagilie asubuhi na jioni siku saba. Hapa hatuna shida ya majani.

Pevingi ni nzuri pia, na ikipasuka moja unabadilisha hiyo hiyo. Zile za sentimita 20 kwa 10 zinaingia 50 kwa mita moja ya mraba. Ila nazo zinadai msingi ule ule niliousema juu, pamoja na kingo za pembeni, vinginevyo zinatembea.

Jambo la kahawa sikulisikia kwenye ujumbe wako, nikashangaa. Uwanja wenu ndio mnaoanikia, si ndiyo? Kahawa inashika harufu kuliko nguo. Ukiianika kwenye lami utakuwa unawauzia watu maganda yenye harufu ya pipa. Dizeli nayo ikidondoka juu ya lami inailainisha, na gari la mitumba lisilodondosha kitu mimi sijaliona. Kwenye zege safi unatandika turubai, kazi inaendelea.

Na wewe wa Nkwenda uliyeuliza kuhusu kujenga maingilio kabisa kabla lami ya serikali haijafika: subiri kidogo, au weka moramu tu kwa sasa. Barabara ikijengwa, tuta linaweza kupanda juu ya ulipo wewe, na maingilio yako ya gharama yakawa bonde la kupokea maji. Tena tangu Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Pima kabla hujamwaga hata karai moja. Ukivuka mfereji wa barabara unahitaji kalavati na ruhusa, TANROADS kwa hizo kubwa, TARURA kwa za wilaya. Ukiuziba mfereji kwa mawe, maji yataingia kwa jirani, na jirani yako mnazikana.

Turudi kwako wa Kayanga. Krismasi haiwezekani, mwambie shemeji. Septemba mvua inaanza. Sasa hivi chimbeni mfereji, mfunge gata, mwone maji yanavyofuata njia mpya. Kazi ya zege ni Juni hadi Agosti, jua lipo na kahawa inatoa hela. Akikwambia auze butura ili ajenge mapema, yaani kahawa ikiwa bado ua mtini, hapo niite nije mwenyewe.

Halafu siku ya kumwaga zege, kuku wafungie, na jirani naye afunge wa kwake. Mimi nilifunga wangu nikasahau wa jirani. Jogoo wake alipita mstari wa kushoto toka getini mpaka mlangoni, akageuka, akarudi kwa mstari wa kulia. Nyayo zote zipo, na kila mgeni anaziuliza.