Kutafuta Kasoro kwa Utaratibu: Somo la Swichi ya Simu ya Kukunja

Mtoto akiona chombo kimeharibika hukimbilia kukifungua. Mwalimu wa sayansi ana wajibu wa kumzoeza kutazama kwanza, kisha kudhani, kisha kujaribu; kufungua huja mwisho. Makala haya yanaeleza namna ya kujenga mazoea hayo katika darasa la V na VI kwa kutumia simu ya kukunja.

Kwa nini simu?

Mfano wa somo hauna budi kutoka katika maisha ya mwanafunzi. Huko Oldonyo Sambu, kando ya barabara ya Arusha kwenda Namanga, vumbi la kiangazi hupenya katika kila chombo. Mzazi aliye malishoni au mnadani hutegemea simu kwa habari, na tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, kwa fedha pia. Kioo kisipowaka, hasara ni ya nyumba nzima. Na huenda simu ikatupwa kwa kasoro ya kitu kidogo kuliko punje ya mahindi.

Maarifa ya mwalimu

Simu hutambua kwa swichi kwamba imefunguliwa. Katika simu nyingine swichi hiyo ni kitufe kinachobonyezwa na mfuniko. Katika nyingine mfuniko una sumaku ndogo, na swichi iliyo upande wa pili huihisi. Aina moja ya swichi hizo ni vipande viwili vyembamba vya chuma ndani ya kijichupa, iliyobuniwa mwaka 1936 katika maabara za Bell huko Marekani. Aina nyingine hufuata kanuni iliyogunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879. Sumaku ikikaribia, simu huhesabu kuwa imefungwa, na kioo huzimika.

Dalili na majaribio

1. Kioo hakiwaki simu ikiwa wazi. Kwanza iondoe simu karibu na spika ya redio au mkoba wenye kifungo cha sumaku. Sumaku ya nje huidanganya.

2. Kioo hakizimiki simu ikifungwa. Ifungue, kisha pitisha sumaku ndogo juu ya kiwiliwili chake. Kioo kikizimika, swichi ni nzima. Yaelekea sumaku ya mfuniko imechomoka. Kisipozimika, geuza sumaku, maana baadhi ya swichi huhisi ncha moja tu. Kikiendelea kuwaka, swichi yenyewe ndiyo ya kushukiwa.

3. Kioo huwaka na kuzimika mfuniko unaposogezwa polepole. Shuku mkanda wa nyaya upitao kwenye bawaba.

4. Kitufe hunata. Kibonyeze kwa ncha ya kijiti, kisha pangusa vumbi kwa brashi laini, kavu.

Sumaku iliyochomoka hugundishwa mahali pake, ikielekea upande ule ule. Swichi iliyokufa hubadilishwa na fundi simu, kwa kuwa imelehemiwa.

Somo darasani

Vifaa: betri mbili za tochi, globu, nyaya, misumari miwili, ubao mwembamba, sumaku ya spika mbovu, na ukanda wa bati la kopo uliosuguliwa rangi. Kopo la soda la alumini halifai, kwani halivutwi na sumaku.

Hatua ya 1: Funga ukanda kwa msumari mmoja, ncha yake ielee juu kidogo ya kichwa cha msumari wa pili uliopenya ubao. Unga saketi.

Hatua ya 2: Gusisha sumaku kwenye ncha ya msumari wa pili chini ya ubao. Ukanda utavutwa na taa itawaka. Waeleze wanafunzi kwamba simu imepangwa kinyume: sumaku ikikaribia, kioo huzimika.

Hatua ya 3: Kabla ya kipindi, lifichie kila kundi kasoro moja: betri iliyokwisha, waya uliokatika ndani ya ganda, karatasi chini ya ukanda, au jiwe lililofungwa kitambaa badala ya sumaku.

Hatua ya 4: Chora ubaoni safu tano: Dalili, Dhana, Jaribio, Tokeo, Uamuzi. Kila kundi libadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mwanafunzi aliyebadili betri na waya kwa pamoja, taa ikawaka, bado hajui kilichoharibika.

Mwalimu asipokee jibu lisilo na jaribio, hata likiwa sahihi. Dhana iliyojaribiwa ikashindwa iandikwe pia, kwa maana imepunguza mahali pa kutafuta.

Tahadhari

Simu za wazazi zisifunguliwe darasani. Betri zake zikitobolewa zaweza kuwaka moto. Sumaku ya spika iwekwe mbali na kadi za benki.

Mazoezi kwa mwalimu mtarajiwa

1. Andaa kasoro mbili nyingine za kificho, ueleze jaribio litakalozitofautisha.

2. Tumia safu tano hizo kutafuta kasoro ya tochi isiyowaka.