Manyoya Matano ya Tausi: Riwaya ya Kipalestina katika Somo la Maigizo

Mwanachuo huambiwa mara nyingi kwamba mchezo wa kuigiza ni chombo cha kupinga dhuluma. Ni kweli, lakini akiachiwa hapo, atawapanga watoto mstari mmoja wapaaze sauti za kulaani, kisha ataandika katika andalio lake kwamba somo limefaulu. Napendekeza tujifunze njia nyingine katika riwaya fupi ya Ghassan Kanafani, Mpalestina, iliyotolewa mwaka 1969, ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Kurudi Haifa.

Kanafani alizaliwa Acre mwaka 1936. Mwaka 1948 jamaa zake walikuwa miongoni mwa Wapalestina zaidi ya 700,000 waliopoteza makwao, na baadaye alifundisha watoto wa wakimbizi mjini Damascus (naye, basi, alikuwa mtu wa chaki kama sisi). Aliuawa Beirut mwaka 1972 kwa bomu lililotegwa garini mwake.

Kisa ni hiki. Said na mkewe Safiyya walisukumwa nje ya Haifa Aprili 1948, na katika ghasia zile mtoto wao mchanga, Khaldun, akabaki nyumbani. Baada ya vita vya Juni 1967 njia ilifunguliwa, nao wakarudi kuitazama nyumba yao. Wanamkuta Miriam, mjane wa Kiyahudi kutoka Poland, ambaye baba yake alifia Auschwitz. Yeye na mumewe walipewa nyumba ile pamoja na kitoto kile. Sasa mtoto anaitwa Dov, naye anaingia sebuleni amevaa sare ya jeshi la Israeli.

Kabla Dov hajaingia, Said huona manyoya ya tausi katika chombo. Yalikuwa saba, sasa ni matano. Anauliza mawili yamekwenda wapi. Mwanachuo asikimbie hapa! Hakuna hotuba iliyotolewa, wala bendera iliyopepea, lakini mtazamaji amekwisha kuelewa nyumba ni ya nani na miaka ishirini imefanya nini. Hayo ndiyo malalamiko yanayofaa jukwaani, kwa kuwa yanashikika mkononi.

Ndiyo maana riwaya hii imewavuta watu wa tamthiliya. Ilichezwa kwa Kiebrania mjini Tel Aviv mwaka 2008. Tamthiliya nyingine, ya Naomi Wallace na Ismail Khalidi, iliagizwa na jumba moja la New York ambalo halikuionyesha. Ikachezwa London mwaka 2018.

Wanafunzi watauliza kama Miriam ni mtu mbaya. Usijibu upesi. Kanafani anatuambia kwamba aliwahi kuona maiti ya mtoto wa Kiarabu ikitupwa ndani ya lori, akatamani kuondoka nchini. Mwandishi hakumfanya shetani, na kwa hiyo swali lake limekuwa zito zaidi: Upalestina ni damu, ni nyumba, au ni jambo ambalo mtu yu tayari kulitetea? Said, aliyekuwa amemkataza mwanawe Khalid kujiunga na wapiganaji, anarudi Ramallah akitumaini kwamba kijana amekwisha kwenda. Mnaweza kubishana naye. Mimi pia hubishana naye.

Katika darasa la sita usilete riwaya nzima. Weka meza, viti viwili na manyoya matano ya kuku ndani ya kopo. Mtoto mmoja awe mwenye nyumba aliyerudi, mwingine awe anayeishi humo. Wazungumze kwa dakika tano, kisha wabadilishane nafasi. Waeleze wazi kwamba kubadilishana hakusawazishi mambo: mmoja alifukuzwa, mwingine alikabidhiwa funguo. Anayepaza sauti asimamishwe, aanze tena kwa kuuliza habari za kitu kimoja kilichomo chumbani. Mwishowe kila mtoto aandike sentensi tatu juu ya yale manyoya mawili yasiyoonekana.