Ushanga wa Njia ya Misafara na Riziki ya Wanawake

Wasomaji wetu wa Tabora waijua njia ile ya zamani iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Wapagazi Wanyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi na nguo, waya wa shaba na magunia ya ushanga. Wala tusisahau kwamba wanawake wengi waliipita njia hiyo wamefungwa, hali wamebadilishwa kwa vitu hivyo hivyo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mizigo ya mabegani ikakoma.

Mwezi huu twataka kuyafungua magunia yale tena. Sababu yetu ni hii: katika mitaa mingi wajane, na mama waleao watoto peke yao, hushauriwa watunge shanga na kuziuza. Ni shauri jema, lakini twaona hutolewa upesi kuliko linavyofikiriwa.

Mwaka 1871 Henry Stanley, alipojitayarisha Unguja kwenda kumtafuta Livingstone, alinunua magunia 22 ya ushanga wa namna 11. Kuchagua kulimsumbua sana. Ushanga mweusi ulipokewa Ugogo, lakini kwingine ulikataliwa. Ule wa umbo la yai ulikuwa na thamani Ujiji, penginepo haukutakiwa. Mweupe ulipendwa Ufipa, bali watu wa Ukonongo waliudharau. Mtu aliyekosea kuchagua alichukua mzigo wa changarawe mwendo wa miezi. Lakini ushanga mwekundu, ulioitwa samesame, ulitamaniwa mno. Burton, aliyefika Kaze mwaka 1857, aliandika kwamba watu waliupa jina la kimaliza-chakula, kwa maana mtu aliweza kutoa hata chakula chake ili aupate.

Basi ndugu msomaji, angalia jambo hili. Thamani ya pambo haimo katika kioo wala katika shaba, imo katika tamaa ya mnunuzi, na tamaa hugeuka. Hata hivyo mafundi wa Unyamwezi walijua njia nyingine. Walichukua waya ule mnene wa wageni, wakauvuta katika tundu za chuma hata ukawa mwembamba kama uzi, kisha wakauzungusha juu ya singa za mkia wa twiga, wakafanya mapambo ya miguuni. Waya ulikuwa wa mgeni. Kazi ilikuwa yao, nayo ndiyo iliyouongezea bei.

Katika siku zetu iko mifano miwili ya jirani. Mwaka 1975, pale Karen karibu na Nairobi, Susan Wood alianza kufinyanga shanga za udongo pamoja na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Kazi ikaitwa Kazuri, ikakua hata ikawapa mshahara mamia ya wanawake. Huko Kampala nako, tangu mwaka 2004, chama kiitwacho BeadforLife kiliuza ng'ambo shanga za karatasi zilizofanywa na wanawake maskini, wengine wao waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda. Karatasi za magazeti ya rangi hukatwa vipande virefu vyenye ncha, huviringwa kwa gundi, kisha hupakwa vanishi. Tulilolipenda zaidi katika habari ile ni kwamba mwanamke hakupokewa ili abaki siku zote. Alifanya kazi kwa muda, akaweka akiba, kisha akatoka na kuanza biashara nyingine yake mwenyewe. Waliotunga mpango ule walifahamu kwamba mnunuzi wa leo hatakuwako kesho.

Wako wazee watakaouliza kama yafaa Wakristo kuuza mapambo, hali Petro katika waraka wake wa kwanza aliwaonya wanawake juu ya dhahabu na mavazi. Sisi twajibu kwamba Petro alisema juu ya moyo ujivunao. Hakumkataza mjane kufanya kazi ya mikono.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mama atunga ushanga wa shingoni. Shanga na uzi zamgharimu shilingi 2,000, kishikizo 300, na nauli ya kwenda sokoni na kurudi, akiigawanya kwa vitu alivyochukua, 700. Jumla 3,000. Auza kwa 3,500, arudi nyumbani akifurahi kwa kuwa ameshika fedha. Lakini kazi ile ilimchukua saa tatu, na kilichobaki ni shilingi 500 tu. Angelima shamba la jirani kwa kibarua, labda angepata zaidi. Haya ndiyo mambo yavunjayo vikundi vingi, na watu husema wanawake wamegombana, kumbe hesabu haikufanywa.

Dawa yake si kuongeza bei tu. Wakinunua shanga pamoja kwa kilo, gharama hupungua. Akienda mmoja sokoni kwa niaba ya wote, nauli ni moja. Tena kabla ya kununua gunia, na watunge chache za rangi mbalimbali, wazipeleke, waone zipi zitakazonunuliwa. Stanley hakuwa na nafasi hiyo.

Daftari na liwe na safu nne: vitu vilivyonunuliwa, saa za kazi, fedha iliyopatikana, na akiba. Mwalimu wa mtaa aweza kuwasaidia wasiojua kuandika, lakini daftari na likae nyumbani kwa mmoja wa akina mama, wala si kwa mwalimu.