Kuamua Pamoja: Somo Juu ya Mkutano wa Kijiji na Mkutano Mkuu wa Chama

Shabaha ya somo: Baada ya kujifunza somo hili, mwanachama aweze kueleza tofauti iliyopo kati ya kuarifiwa na kushirikishwa, na katibu aweze kuandaa mkutano ambao ndani yake wananchi huamua kweli.

1. Kuitwa si kushirikishwa

Mara nyingi husemwa kwamba wananchi wameshirikishwa kwa sababu tu waliitwa mkutanoni, wakasikiliza, wakapiga makofi, kisha wakatawanyika. Hayo hayatoshi. Mwananchi hushiriki pale anapopata habari kamili kabla ya uamuzi, anapopewa nafasi ya kuuliza na kupinga, na uamuzi wenyewe unapoweza kubadilika kutokana na maneno yake. Likikosekana moja katika hayo matatu, mkutano huwa ni wa matangazo tu, hata kama umehudhuriwa na watu elfu.

2. Funzo la miaka ya 1972 hadi 1982

Wanaushirika wa Tanzania wanalo funzo lao wenyewe katika jambo hili. Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, Serikali ilifuta halmashauri za wilaya. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa kuwasogezea wananchi madaraka. Lakini madaraka yaliyosogezwa yalishikwa zaidi na watumishi waliopelekwa mikoani na wilayani kuliko wawakilishi waliochaguliwa na wananchi.

Mwaka 1976 ikafika zamu ya ushirika. Vyama vikuu vilivunjwa, kikiwemo KNCU cha Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933, na kazi ya kununua mazao ya wakulima ikapewa mashirika ya umma. Ni kweli kwamba vyama vilikuwa na kasoro. Wizi, upendeleo na hesabu mbovu vilikuwepo, na kamati maalumu ya Rais ilikwisha kuvichunguza mwaka 1966. Hata hivyo, uamuzi wa kuvivunja vyama haukutoka katika mikutano mikuu ya wanachama. Mkulima aliyechangia hisa zake alipelekewa habari ya jambo lililokwisha kukatwa.

Mwaka 1982 zilitungwa sheria za kurudisha serikali za mitaa na vyama vya ushirika. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuvifuta vyombo hivyo viwili lilikuwa kosa. Funzo lake ni hili: chombo cha wananchi kikiugua, hakitibiwi kwa kuwanyang'anya wenyewe sauti. Dawa yake ni kuwapa wenyewe hesabu, nafasi ya kusema na uwezo wa kuwaondoa viongozi wabovu.

3. Uwezo wa mkutano wa kijiji

Katika kijiji, mkutano wa kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 au zaidi, mwanamke kwa mwanamume, tajiri kwa maskini. Mkutano huo ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliuongezea uzito. Kwa sheria hiyo, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila ya kibali cha mkutano wa kijiji. Tena, ikikusudiwa kuihamisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 iwe ardhi ya jumla, mkutano wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Eneo likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupata mapendekezo ya kijiji.

Basi mkono unaoinuliwa katika mkutano huo si mkono wa heshima kwa mgeni. Unaweza kuwaachia wajukuu shamba, au kuwaacha bila shamba.

4. Mfano: hekta 200

Mgeni amefika akitaka hekta 200 za kijiji kwa kilimo. Katika kijiji cha kwanza, mkutano unaitwa leo kwa ajili ya kesho. Mgeni anatambulishwa, anaahidi barabara na zahanati, mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye neno, na kabla mtu hajasimama mikono inahesabiwa. Mwaka wa pili wafugaji wanakuta njia ya kwenda mtoni imezibwa. Wanawake waliokuwa wakiokota kuni katika pori lile wanafukuzwa. Ahadi ya zahanati haimo katika karatasi yoyote. Hakuna anayekumbuka aliyekubali, ila majina yao yote yamo.

Katika kijiji cha pili, maombi yanabandikwa ofisini na kusomwa kwa sauti katika kila kitongoji. Wazee, vijana, wafugaji na wanawake wanakwenda kuikanyaga mipaka kwa miguu yao. Katika mkutano wa kwanza wanauliza tu: maji yatatoka wapi, njia zitapita wapi, ni kwa miaka mingapi, na ahadi imeandikwa wapi? Mgeni anatakiwa kujibu kwa maandishi. Uamuzi unangoja mkutano wa pili. Huenda wakakubali hekta 80, huenda wakakataa zote. Lolote watakaloamua, watalijua na watalilinda.

Wapo wasemao kwamba njia hii ya pili ni ndefu. Ni kweli, lakini wiki sita za mazungumzo ni fupi kuliko miaka ya kesi.

5. Kazi ya katibu

Katika chama cha msingi mambo ni yaleyale. Kila mwanachama ana kura moja, hata kama hisa zake ni chache, lakini kura ya mtu asiyejua hesabu ni kura ya yule aliyemnong'oneza. Kwa hiyo katibu hana budi:

(a) kutoa taarifa ya mkutano mapema, pamoja na ajenda iliyo wazi. Neno "mengineyo" lisitumiwe kuficha jambo la mkopo au la kuuza mali ya chama;

(b) kuandika hesabu kwa lugha ambayo mkulima ataielewa: kilo ngapi zilipokewa, ziliuzwa bei gani, makato ni ya nini, na kilichobaki ni kiasi gani;

(c) kumkumbusha mwenyekiti kuwapa nafasi walio kimya, hasa wanawake na vijana, kabla ya wenye mazoea ya kusema;

(d) kuandika katika muhtasari hoja za waliopinga pamoja na hesabu ya kura, na kuusoma muhtasari huo mkutano ufuatao.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mkutano mwema huzikusanya akili hizo kabla ya uamuzi, wala hautafuti mashahidi wa uamuzi uliokwisha kufanywa chumbani.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika mkutano mkuu uliopita wa chama chenu, ni uamuzi gani uliobadilika kutokana na maneno ya wanachama? Kama haupo, ni kwa nini?

2. Ni nani katika kijiji chenu ambao huhudhuria mikutano lakini hawasemi? Nini kinawazuia?

3. Someni muhtasari wa mkutano uliopita. Je, mtu asiyekuwepo anaweza kujua nani alipinga na kwa hoja gani?