Namba Iliyomuumbua Fermat

Nikiwa mwaka wa kwanza niliwahi kuandika kwenye jaribio: "Nimejaribu n = 1 hadi 5, imekubali, kwa hiyo ni kweli daima." Nikapata sifuri, nikanuna wiki nzima. Baadaye ndo nikajua kwamba Pierre de Fermat, yule bingwa wa hisabati wa Ufaransa wa karne ya 17, naye aliteleza papo hapo.

Fermat alichukua 2, akaipa vipeo 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara akajumlisha 1. Akapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni namba tasa. Akaamini kwamba zinazofuata nazo zitakuwa tasa. Inayofuata ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297.

Hebu iangalie. Ni witiri. Jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo 3 haiigawi. Haiishii na 5. Ukitaka kujaribu namba tasa zote hadi kwenye kipeuo chake cha pili, jiandae kugawanya mara zaidi ya 6,500, na enzi hizo kikokotoo hakuna. Kibaya zaidi, kuna kipimo cha utasa kinachotokana na kanuni ya Fermat mwenyewe. Ukikifanya kwa kutumia 2, namba hii inafaulu bila wasiwasi. Inajifanya tasa kabisa!

Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonesha kwamba 641 inaigawa. Baadaye alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibaki 1. Sasa kazi imepungua: jaribu 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu, umemaliza.

Kuna njia fupi zaidi, na hii naomba uifuate ukiwa na kalamu. Kwanza, 640 = 5 × 2⁷. Hiyo ni 641 kasoro 1, kwa hiyo ukiipa kipeo cha nne na kuigawanya kwa 641, baki ni 1. Yaani 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1. Pili, 641 = 5⁴ + 2⁴, hivyo mahali pa 5⁴ tunaweza kuweka −2⁴ bila baki kubadilika. Tunapata −2³² inabakiza 1. Basi 2³² + 1 haibakizi kitu.

Ukigawanya unapata 6,700,417, nayo ni tasa. Kwa hiyo namba yetu ni zao la namba tasa mbili tu. Ni namba pungufu pia, maana vigawo vyake ukiiacha yenyewe (1, 641 na 6,700,417) vinajumlika kuwa 6,701,059 tu. Ninachokipenda mimi ni hiki: ni jumla ya vipeo viwili vya pili kwa njia mbili, 65,536² + 1² na 62,264² + 20,449². Namba tasa haiwezi kuwa na njia mbili za namna hiyo, kwa hiyo hata bila 641 ingekamatwa.

Namba tasa ya sita ya Fermat haijapatikana hadi leo. Wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.