Pembe za Ukutani: Uliza Hati Kabla ya Bei

Kuta za loji na za nyumba nyingi hupambwa kwa pembe kongwe zilizowambwa juu ya kibao. Wauzaji wake huwa na maneno mawili ya kumtuliza mnunuzi: kwamba mnyama aliziangusha mwenyewe, au kwamba ni za zamani mno hata sheria haizihusu. Katika somo hili tunayapima maneno hayo.

Neno la kwanza lina ukweli wake kwa Marekani. Huko yuko ayala mkubwa aitwaye elki. Pembe za dume lake ni mfupa mtupu, nazo huanguka na kuota upya kila mwaka. Mjini Jackson, jimbo la Wyoming, zilizookotwa huuzwa kwa mnada wa kila mwaka. Lakini pembe ya elki iliyoshikamana na fuvu haikuangushwa; mnyama alikufa nayo.

Wanyama wetu hawako hivyo. Pembe ya tandala, palahala, choroa au nyati ni mfupa uliochipuka kwenye fuvu, ukavikwa ala ya kitu kilekile kinachofanyiza kucha na kwato. Haiangushwi kila mwaka. Basi anayekuuzia pembe ya tandala akidai iliangushwa na mnyama aliye hai, anakudanganya.

Neno la pili ni la hatari zaidi. Nchini Tanzania, pembe hizo ni nyara chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na ukongwe si hati. Anayekutwa nazo bila kibali hushtakiwa yeye mwenyewe, hata kama alizinunua dukani. Mahakama zimewahi kutoa kifungo cha miaka 20 kwa kosa la kumiliki nyara. Risiti huthibitisha malipo, haithibitishi uhalali.

Kwa hiyo tunawashauri watumiaji:

1. Ombeni kuona leseni ya muuzaji ya biashara ya nyara, pamoja na hati ya umiliki wa pembe yenyewe.

2. Ithibitisheni hati hiyo katika ofisi ya wanyamapori kabla ya kulipa.

3. Pasipo hati, msinunue, msipokee kama zawadi, wala msimhifadhie mtu.

4. Mkirithi pembe zisizo na hati, ulizeni ofisi hiyo utaratibu kabla ya kuzihamisha au kuziuza.