SOMO LA URAIA: UDONGO UWAHI UNGALI MAJI
Jinsi mwananchi anavyoweza kutoa maoni yake mbele ya kamati ya Bunge kuhusu barabara na usafiri



Mwaka jana nilitembelea darasa moja la ngumbaru. Wanafunzi walikuwa wakilalamika kwamba nauli ya bodaboda imepanda, kwa sababu kaunti imeweka ada mpya kwa kila pikipiki. Nikawauliza, "Kwani hakuna aliyewauliza maoni?" Wakajibu kwa sauti moja, "Hakuna!"

Mama mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono. Akasema, "Mwalimu, mimi niliona karatasi kwenye ubao wa ofisi ya chifu. Ilisema watu walete maoni. Lakini wakati ule nilikuwa bado nasoma herufi moja moja. Nilipoweza kuimaliza, siku zilikuwa zimekwisha."

Darasa likanyamaza. Mama huyo anauza mboga, na kila siku ya soko hupanda bodaboda. Aliulizwa, lakini hakujua kwamba ameulizwa. Basi leo tujifunze, ili jambo hili lisitupate tena.

SHERIA HUTENGENEZWAJE?

Sheria huanza kama mswada. Mswada ni mapendekezo ya sheria yaliyoandikwa lakini hayajapitishwa. Mswada ukishasomwa Bungeni mara ya kwanza, hupelekwa kwa kamati. Kamati ni wabunge wachache waliopewa kazi ya kuchunguza mambo ya aina moja, kwa mfano uchukuzi, afya au kilimo. Kamati husikiliza wananchi, halafu huandika ripoti kwa Bunge zima.

Kwa hiyo wakati wa kusema ni pale mswada uko kwa kamati. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Sheria ikishapitishwa, kuibadilisha ni kazi kubwa.

HAKI HII IMETOKA WAPI?

Imeandikwa katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kifungu cha 118 kinasema kwamba Bunge lifanye kazi yake waziwazi, na vikao vyake na vya kamati zake viwe wazi kwa watu wote. Tena lazima Bunge liwashirikishe wananchi. Kifungu cha 196 kinasema hivyo hivyo juu ya Bunge la Kaunti. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, ili sheria itungwe, ibadilishwe au ifutwe.

Haya si maneno ya bure. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Na usiogope Kiingereza. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

UBISHE MLANGO GANI?

Watu wengi hubisha mlango usio wao. Kumbuka hivi:

Bunge la Kaunti hushughulikia barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho ya magari, usafiri wa umma wa barabarani, na vivuko. Hapo muulize mwakilishi wa wadi yako.

Bunge la Taifa, huko Nairobi, hushughulikia mambo kama barabara kuu za kitaifa, reli na ndege. Hapo muulize mbunge wako.

HATUA ZA KUFUATA

1. Tafuta tangazo. Hutolewa magazetini, na pengine redioni au kwenye ubao wa ofisi za serikali. Soma mambo matatu: mswada unahusu nini, maoni yapelekwe wapi, na mwisho ni tarehe gani.

2. Pata mswada wenyewe. Uulize katika ofisi ya Karani wa Bunge au kwa mwakilishi wako. Usitegemee maneno ya sokoni.

3. Kaeni pamoja mjadili. Mwenye pikipiki, abiria na mkulima hawaoni jambo kwa jicho moja. Wote wasikilizwe.

4. Andika maoni yako. Taja namba ya kifungu, eleza kitakavyokugusa, kisha sema unataka nini. Weka nakala moja nyumbani.

5. Nenda kwenye kikao. Kama huwezi kwenda, peleka barua kabla ya tarehe ya mwisho. Barua nayo ni maoni.

MFANO WA BARUA

Tuseme mswada unataka kila pikipiki ilipe shilingi 50 kwa siku. Unaweza kuandika hivi:

"Kwa Karani wa Bunge la Kaunti. Kuhusu: Mswada wa Bodaboda, kifungu cha 9. Mimi ni muuza mboga. Naenda soko siku 2 kwa wiki, na kila siku napanda bodaboda mara 2, kwenda na kurudi. Ada hii ikiongeza nauli kwa shilingi 20 kila safari, nitatoa shilingi 80 zaidi kwa wiki. Kwa mwaka ni shilingi 4,160. Naomba ada iwe shilingi 20, na sheria iseme pesa hizo zitatengeneza barabara ya soko."

Malizia kwa jina lako, kijiji chako, tarehe na sahihi. Asiyeweza kutia sahihi atie kidole gumba.

Unaona? Barua hii haikutukana mtu wala haikulia tu. Imepiga hesabu. Mbunge anaweza kusahau kelele, lakini hesabu anaweza kuinakili katika ripoti.

SIKU YA KIKAO

Fika mapema, ujiandikishe. Ukipewa nafasi, sema jina lako na unakotoka. Sema jambo moja au mawili kwa ufupi, maana wengine pia wanangoja. Huu si mkutano wa kampeni.

Je, kamati lazima ikubali maoni yako? Hapana. Lazima ikusikilize, lakini inaweza kufuata maoni mengine. Ndiyo sababu baadaye ni vizuri kuuliza ripoti ya kamati, uone waliandika nini. Kama hukuridhika, bado kuna njia ya ombi.

Lile darasa nililolitaja sasa limepanga zamu. Kila Jumatatu mmoja wao hupita ofisi ya chifu kusoma ubao, kisha jioni huwasomea wenzake. Zamu ya kwanza ilichukuliwa na yule mama muuza mboga.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mswada na sheria vina tofauti gani?
2. Barabara inayopita kijijini kwenu ni ya kaunti au ya taifa? Mtajuaje?
3. Matangazo ya serikali hubandikwa wapi kwenu? Nani huyasoma?
4. Andikeni barua moja pamoja kuhusu shida moja ya usafiri. Msisahau hesabu.